Msiwacheke Wale Akina Mama wa Kuni

Juzi niliamka nikakuta kundi letu la familia la WhatsApp limewaka moto. Meseji zaidi ya mia, zote kwa ajili ya kipande kimoja cha video. Akina mama wanne wa Kiingereza, magauni marefu ya kizamani, wanacheza kwenye nyasi za kanisa kuu la Salisbury wakiwa na matita ya kuni. Nyuma yao umati umeshika matawi mabichi. Binamu yangu mmoja akaandika, "Kumbe nao wana mizimu!" Mwingine akaongeza, "Miaka yote wametutukana na matambiko yetu, kumbe kwao ndiyo haya." Halafu vicheko, mstari baada ya mstari.

Sikucheka. Nilikasirika, na hasira haikuniacha hadi jioni. Huu ni mwaka wangu wa saba Salisbury. Kile kijiji nakijua, wale akina mama nimewahi kusimama hatua chache kutoka kwao, na nataka niseme wazi hapa, kwa sababu kwenye kundi hakuna anayesoma meseji ndefu: ile si ngoma ya mizimu. Wale watu walikuwa wanadai msitu wao.

Kijiji kinaitwa Great Wishford. Kiko kwenye bonde la mto Wylye, kama kilomita nane kutoka mjini kwetu. Nyumba za mawe, kanisa la Mtakatifu Giles katikati, na juu mgongoni mwa kijiji, kwenye kilima, msitu wa Grovely. Msitu ni mali ya makabaila wa Wilton, ukoo wa Pembroke, kama ulivyo mwingi wa ardhi ya pale karibu. Lakini watu wa Wishford wana haki ndani yake, na haki hiyo imeandikwa katika hati ya mwaka 1603. Nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi mlipopotea. Hati ile haikuwapa wanakijiji kitu kipya. Iliandika tu kile walichokuwa wakikifanya tangu zamani zisizokumbukwa na mtu: kuokota kuni kavu, na kwa siku zake kukata matawi mabichi ya mwaloni na kuyaleta nyumbani kwa nguvu za watu.

Na hati ileile inaeleza jinsi haki hiyo inavyodaiwa. Inataja kwamba desturi ni kwenda kanisa kuu la Salisbury huku wakicheza, na wakifika wanadai kwa maneno haya: "Grovely, Grovely, and all Grovely." Grovely, Grovely, na Grovely yote. Kwa hiyo ngoma mliyoicheka imo ndani ya sheria. Miguu ya wale mama wanne kwenye nyasi ni sawa na saini yako chini ya mkataba wa kiwanja. Wangeacha kucheza, mtu mwenye wakili mzuri angeweza kusimama na kusema: hawa haki yao wenyewe wameitelekeza.

Na watu wa namna hiyo walikuwepo. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ardhi ya pamoja. Malisho, vichaka, misitu ambayo wanakijiji waliitumia kwa kizazi na kizazi, vyote vikapata mwenyewe mmoja, na aliyeokota kuni jana kwa haki akaamka leo ni mwizi. Grovely nayo iliguswa. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni cha mwanamke anayeitwa Grace Reed, wa Barford St Martin, kijiji cha upande wa pili wa msitu ambacho nacho kimo katika ile hati. Walipokatazwa kuni, Grace na wenzake wachache wanawake waliingia msituni vilevile. Wakakamatwa, faini hawakulipa, wakatiwa ndani. Hawakukaa sana wakaachiwa, kwa kuwa ilionekana haki yao haikuwa imefutwa. Leo wale wanaocheza mbele ya kanisa kuu na matita ni wanawake, na mimi kila nikiwaona namkumbuka yeye. Sasa rudini kwenye video muangalie tena.

Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, maana nimekwenda mara mbili. Siku ni tarehe 29 Mei. Mara ya kwanza mwenzangu wa kazini anayeishi pale aliniambia nilale kwao kwenye kochi, kesho yake haina maana ukifika saa tatu. Usiku wa manane, giza totoro, nikashtuliwa na kelele ambazo mtoto wa Kitanzania angedhani kuna mwizi au moto. Ngoma, tarumbeta, masufuria yanapigwa na vijiti, na sauti za watu barabarani: "Grovely! Grovely! Na Grovely yote!" Wanapita nyumba kwa nyumba na hawaondoki mlangoni mpaka uwashe taa. Mwenyeji wangu akawasha, akafungua dirisha, akawapungia mkono. Kabla hakujapambazuka vizuri tukawa tunapanda kilima.

Ndani ya msitu hakuna hotuba. Watu wanakata. Tawi lisizidi unene wa mkono wa mtu, ndiyo kanuni. Babu mmoja alinishikisha tawi lake, akanionyesha vitufe vidogo mviringo kama ndimu changa, rangi ya waridi iliyochakaa, vyepesi na laini kama sifongo. Ni uvimbe tu, mwaloni unauota mdudu anapotaga mayai kwenye chipukizi, lakini vinafanana na tofaa na ndivyo siku yenyewe ilivyopata jina lake la tofaa la mwaloni. Mwenye tawi lenye vitufe vingi hupewa zawadi. Babu aligeuza lile tawi taratibu, akavihesabu kwa ncha ya kidole, akanyamaza kidogo, akasema baba yake alikuwa akikata upande uleule wa njia. Tukateremka. Kila mlango kijijini ukapata tawi, na moja kubwa likapandishwa juu ya mnara wa kanisa. Wanaliita tawi la ndoa, baraka kwa watakaooana mwaka huo.

Baadaye ndiyo safari ya Salisbury. Akina mama wanacheza nje, halafu wote wanaingia ndani ya kanisa kuu, mchungaji anasoma maneno ya ile hati mbele ya madhabahu, na umati unajibu kwa sauti. Mmeshawahi kusikia watu wakipiga kelele ndani ya kanisa la karne ya 13, kwa ruhusa, na wakiwa na haki? Nywele zilinisimama. Mbele yao bendera, na juu yake pamoja na jina la Grovely pameandikwa maneno ambayo mimi na ninyi tumeyaimba tangu shule ya msingi: Umoja ni Nguvu. Nililia, na sina aibu kusema hivyo.

Nililia kwa sababu ya bibi yangu. Kwetu ni Lushoto, na juu ya kijiji chetu kuna msitu wa hifadhi. Misitu ya Usambara Wajerumani ndio walioanza kuiwekea mipaka, Waingereza wakaja wakaendeleza, na sisi tulipojitawala mipaka hatukuing'oa. Bibi alisenya kuni mle tangu akiwa kigoli. Nilikuwa na miaka tisa siku alipokutana na bwana misitu kwenye kijia, mzigo kichwani. Akaambiwa autue. Akautua. Panga likachukuliwa, kamba ikachukuliwa, kuni zikaachwa palepale zioze. Aliteremka na ngata yake mkononi, ile ya majani ya mgomba, akiwa ameishika kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine. Hakusema kitu chochote njia nzima. Kilichonikera mpaka leo si faini. Ni kwamba bibi aliona haya. Aliamini ameiba.

Grace Reed hakuona haya. Tofauti ya wanawake hawa wawili ndiyo inayonifanya niandike, maana bibi hakupungukiwa ujasiri wala akili. Grace alikuwa na kijiji kizima kilichokuwa kikipaza sauti kila mwaka kwamba kuni zile ni zake. Nadhani alikuwa ameisikia sauti hiyo tangu mtoto. Bibi alikuwa na haki ya zamani vilevile, lakini hakuna aliyewahi kumwamsha usiku kumwambia.

Najua nitajibiwa. Mtasema leo Wishford hawahitaji kuni, wana umeme na gesi, na nyumba za pale bei yake haishikiki, watoto wa wenyeji wengine wanahamia mjini. Sawa, nakubali, ingawa majiko ya kuni nimeyaona na yanawaka. Mtasema sikukuu yenyewe imepambwa, kuna magwaride, chakula cha mchana ndani ya hema na michezo ya watoto. Kweli. Kuna chama cha kijiji kilichoundwa mwaka 1892 kuilinda sikukuu na haki yenyewe isipotee. Waliona hatari hiyo zamani kuliko ninyi.

Na mtasema Waingereza hawahawa ndio waliotuletea sheria za kumfukuza bibi msituni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo sitalikwepa. Ndiyo, ni wao, ila si wale mama wanne. Waliokuja kutuchorea mipaka walitoka katika nchi ambayo ilikuwa imeshawafanyia watu wake wenyewe mambo hayo, kijiji baada ya kijiji, na mahali pengi wanakijiji walishindwa. Tazameni Abbots Bromley, huko Staffordshire. Kila Septemba wanaume wanacheza wamebeba pembe za kulungu wa baridi, pembe za zamani ajabu ambazo mwaka mzima hukaa kanisani. Ngoma nzuri sana. Lakini msitu wao wa Needwood ulizungushiwa na kukatwa mwanzoni mwa karne ya 19, na sasa pembe zinazunguka mashamba ya watu. Huko imebaki ngoma. Wishford wamebaki na ngoma na msitu.

Kijiji si cha malaika. Grovely ina hadithi ya akina dada wanne wa kigeni wanaosemekana waliuawa humo kwa kudhaniwa wachawi, wakati wa ndui, na watu bado wanakwenda kutundika vitu kwenye miti inayodaiwa kuwa makaburi yao. Hiyo ni habari nyingine na inanitia huzuni.

Ila tabia moja ya kile kijiji naipenda kwa moyo wote: hawaachi jambo lipite bila kuliandika. Nenda ukutani kwa uwanja wa kanisa. Kuna mawe yamechongwa bei ya mkate, la kwanza ni la mwaka 1800, wakati wa vita na Ufaransa, shilingi 3 na peni 4 kwa galoni, maana mkate walikuwa wakiupima hivyo. Vizazi vilivyofuata vikaongeza mawe yao. Hakuna jina la kabaila pale, wala la jenerali. Ni bei ya chakula cha mtu wa kawaida, imechongwa kwenye jiwe ili asije mtu akasema njaa haikuwepo. Niliweka kidole ndani ya ile namba 3. Imelika kwa mvua lakini bado inasomeka.

Kwetu sheria ya misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake, na watu wa Duru-Haitemba kule Babati walishaanza kulinda wa kwao miaka ya 1990, kabla hata ya sheria hiyo. Karatasi tunazo. Siku ya kuziimba hatuna. Na nyinyi binamu zangu, watoto wa wasenya kuni, mkiwaona watu wanaoziimba za kwao mnaweka vicheko.

Shangazi peke yake hakucheka. Ana miaka sabini na mbili, yuko kulekule Lushoto, na simu janja amenunuliwa mwaka jana. Usiku alinipigia. Shikamoo, marahaba, watoto wazima, baridi je. Halafu akasema, "Mwanangu, wale kwenye video wamepewa ruhusa na nani?" Nikamweleza yote, hati, Grace, masufuria, ule unene wa tawi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani mtandao umekata.

"Unene wa mkono," akasema mwishowe. "Mkono wa nani? Wa mtoto au wa mwanamume?"

Wa mwanamume mzima, shangazi.

"Ehee," akasema. "Na ni mwaloni, mti mgumu. Basi hilo linapika maharage mpaka yaive."