Mukombero ni ya nani, shamba ni la nani

Ukishuka stage yoyote Kakamega, hata Kibuye kule Kisumu, hukosi jamaa ameshika kifungu cha mukombero, ule mzizi wa kutafuna unaosifiwa kwa nguvu za kiume, anakuambia tafuna hii utashukuru ukifika nyumbani, na watu wanacheka halafu wananunua. Mimi pia hununua, sio kwa hiyo sababu jamani, napenda tu vile inaanza na uchungu halafu utamu unakuja pole pole.

Sasa mimi mukombero naujua kutoka upande ule mwingine. Senje wangu, yaani dadake baba, anakaa Shinyalu karibu na msitu wa Kakamega na tangu mume wake afariki msitu ndio unamlisha. Siku za kuni anaokota matawi makavu, anafunga mzigo, anabeba kwa kichwa mpaka sokoni. Mvua ikinyesha kuna uyoga. Mukombero ndio ina pesa kidogo, lakini hiyo kidogo haikai kwake, mtu wa pikipiki anakuja nyumbani anabeba yote kwa bei yake mwenyewe, ikifika mjini inakatwa vijiti vijiti na kila kijiti kina bei yake.

Halafu kuna hii maneno ya semina. Wamama wanaitwa, wanapewa soda na mkate, wanaambiwa nyinyi ndio mnamaliza mukombero msituni. Na si uongo, ukichimba mzizi wote huo mmea umeua, leo senje anatembea mbali sana kuliko zamani kuupata. Lakini dawa wanayopewa ni moja tu, pandeni kwa shamba. Shamba gani? Senje aliniambia, "Mwanangu, hapa nalima tu, mwenye hapa ni shemeji." Mukombero si sukuma wiki eti unavuna baada ya wiki kadhaa, inataka mtu mwenye uhakika bado atakuwa hapo.

Najua kupanda kunawezekana. Kuna kikundi cha Muliru, huko huko kando ya msitu, wanapanda mwonyi, mmea mwingine wa dawa, kwa mashamba yao na wanatengeneza ile dawa ya kupaka ya Naturub, mpaka wakashinda tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka wa 2010. Hiyo ni kazi nzuri na natamani zingekuwa nyingi. Ila soma vizuri hapo, mashamba yao.

Sheria ya misitu ya Kenya ya 2016 inakubali wanakijiji waungane kwa chama cha jamii cha msitu, wakielewana na serikali wapewe haki ya kuni, majani, asali, hata miti shamba. Ile ya mali ya wanandoa ya 2013 nayo ipo. Kwa karatasi wamama wana haki, shida ni mtu aende kortini kushtaki ukoo wake wenyewe ndio apande mizizi, na kesho yake wakutane kisimani, nani anaweza hiyo? Kwa hivyo mtu akisimama kwa semina akisema pandeni, mimi ningetaka kwanza aite mashemeji na wazee wa ukoo wakae kwa hiyo viti, na hao pia wapewe soda.

Juzi nilienda kumwona nikakuta ameotesha miche mitatu ya mukombero nyuma ya jikoni, kwa debe kuukuu. Nikamuuliza senje, mbona debe na udongo uko hapa tele?

Akasema debe inabebeka.