Ireland wapewe ruzuku, sisi tukope?

Kuna hoja naikuta sana kwenye magrupu ya Watanzania tulio nje: Wazungu wanapokea wakimbizi kwa sababu "wanalipwa". Nimeishi Cork, Ireland, muda wa kutosha kujua kwamba hoja hiyo ina ukweli nusu. Wanalipwa kweli, ila wanajilipa wao kwa wao. Linalonikera mimi ni masharti ya hela hiyo ukilinganisha na yale tunayopewa sisi Watanzania kwa kazi ileile ya kupokea wakimbizi.

Ireland ina nafasi ya ajabu kidogo ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa Itifaki namba 21 ya mikataba ya Umoja huo, sheria yoyote mpya ya hifadhi na uhamiaji ikitoka Brussels, Ireland inachagua: tumo au hatumo. Na serikali haijiamulii peke yake, kwani Katiba inataka mabunge yote mawili, Dáil na Seanad, yaridhie kwanza. Juni 2024 walijadili hivyo kuhusu Mkataba mpya wa Umoja huo wa Uhamiaji na Hifadhi, watu wakarushiana maneno makali kweli, mwisho wakapitisha. Denmark wao wako nje ya mambo haya, hata mfuko unaotoa hela hizo hawamo.

Mfuko ninaousema unaitwa kwa kifupi AMIF, yaani mfuko wa Umoja wa Ulaya wa hifadhi, uhamiaji na ujumuishaji. Kwa miaka 2021 hadi 2027 umetengewa karibu yuro bilioni 9.9. Mwanzoni kila nchi mshiriki inapata yuro milioni 8 (Ugiriki, Malta na Cyprus milioni 28 kila moja), kisha fungu kubwa linagawanywa kwa mizani: asilimia 35 kwa kuangalia hali ya waomba hifadhi, 30 uhamiaji halali na ujumuishaji, 35 uhamiaji usio halali pamoja na kurudisha watu makwao. Mmeona wenyewe kipi kimepewa uzito mdogo. Mradi ukipita, kwa kawaida mfuko unabeba hadi asilimia 75 ya gharama, na kuna miradi inayofika 90. Ni ruzuku. Hakuna atakayewadai Waireland kesho.

Hela hiyo ukiifuata hadi chini kabisa unaikuta kwenye vitu kama darasa la Kiingereza ninakojitolea kutafsiri, kwenye ukumbi wa parokia. Ukutani kuna bango lenye bendera ya buluu na nyota zake, maana bila bango mkaguzi hakuelewi. Mezani kuna fomu ya mahudhurio: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anaisaini taratibu, herufi moja moja, huku foleni ikimsubiri nyuma. Siku moja akaniuliza, "Papa, hizi sinyatire zote zinaendaka wapi?" Nikamwambia zinakwenda kuhakikisha kwamba mwalimu alilipwa kwa saa alizofundisha kweli. Akacheka sana, akasema kwao hela inapotea na karatasi yake.

Sisemi Ireland ni peponi. Yule mama anaishi kwenye makazi ya waomba hifadhi kwa posho ya yuro 38.80 kwa wiki, na kibali cha kazi unakipata baada ya miezi sita, tena kama uamuzi wa kwanza haujatoka. Mwaka 2024 mahema yalijaa Mount Street, katikati ya Dublin, vijana wakilala nje kwa kukosa nafasi. Nchi tajiri hii.

Sasa rudi nyumbani. Mimi ni wa Kigoma, wakimbizi nimewakuta. Warundi wa mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kweli walipewa jembe: kufikia 1985 makazi yale yalikuwa yanajilisha, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikayakabidhi kwa serikali. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 wakakabidhiwa uraia wa Tanzania. Nitajieni nchi ya Ulaya iliyofanya hivyo kwa kundi moja kwa mkupuo.

Halafu angalia tulivyoshukuriwa. Benki ya Dunia ilipofungua dirisha la fedha kwa nchi zinazohifadhi wakimbizi mwaka 2017, kanuni ilikuwa nusu msaada, nusu mkopo, isipokuwa kwa nchi iliyo kwenye hatari kubwa ya kuelemewa na madeni. Yaani umpokee mtu anayekimbia vita ya nchi nyingine, na ukope kumjengea darasa. Mwaka 2018 Tanzania ikajitoa kwenye mpango wa pamoja wa wakimbizi ulioitwa CRRF, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Wengi huku waliilaumu. Mimi hoja ya fedha niliielewa.

Ila tusijifanye watakatifu. Baada ya hapo tuliwabana wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta: hutoki kambini bila kibali, masoko waliyofanyia biashara na wanakijiji yakafungwa. Wanakijiji wenyewe walilalamika, wateja wao walikuwa hao hao. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipokatwa hadi nusu kwa kukosa fedha za wafadhili, mtu hakuwa na pa kuuza wala pa kulima. Kuwabana huko hatukulazimishwa na Washington wala Brussels, tulikufanya wenyewe.

Ndiyo maana nataka tuige kitu kimoja tu cha Ireland, ile tabia ya kujadili hadharani. Nataka waziri wa mambo ya ndani asimame Dodoma na karatasi mkononi: hiki tunachoombwa, hiki tunacholipwa, hiki ni ruzuku, hiki ni deni, mtukubalie au mkatae. Mbunge wa Kasulu amuulize maswali hadi jasho limtoke. Na tukienda kwa wafadhili twende na asilimia 75 yao wenyewe kama hoja ya kwanza, kabla chai haijamiminwa.