Acheni kuuliza wati ngapi

Ikiwekwa tu picha ya ripita ya kubebeka (kifaa kinachopokea sauti ya redio na kuirusha tena mbali zaidi), zile redio kol mbili ndani ya kisanduku cha plastiki na waya katikati, swali la kwanza huwa lilelile: inatoa wati ngapi? Kabla halijajibiwa, mwingine keshashauri iwekwe HIGH (nguvu kubwa), au zinunuliwe zile za wati 8. Ushauri huu unaudhi kwa sababu wanaoufuata wanapanda mlimani na ripita kiziwi, isiyosikia wakati inarusha, na walioko chini wanabaki wanaita bila jibu.

Tuanze na hesabu. Kutoka wati 5 kushuka hadi 1 unapoteza desibeli 7 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya ishara). Kwa msikilizaji wa mbali hiyo ni zaidi kidogo ya alama moja ya S, ile mizani ya nguvu ya ishara kwenye redio. Mwinuko ndio unaoleta tofauti. Upeo wa redio kwa kilomita ni kama 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena ya mita 4 inaona kilomita 8. Ya mita 100 juu ya bonde inaona 41. Aliyeko Morogoro mjini na aliyeko Matombo wametenganishwa na Uluguru, na hakuna wati za redio ya mkononi zitakazotoboa mlima ule. Wanahitaji kisanduku mahali panapoona pande zote mbili, na hapo wati 1 inatosha kabisa.

Sasa uziwi wenyewe. Redio inayopokea inatafuta ishara hafifu mno, na pembeni yake kuna nyingine inayorusha. Redio hizi za bei nafuu, Baofeng UV-5R na ndugu zake, zina chujio dhaifu mlangoni, kwa hiyo kelele ya jirani inaingia na kuzima kila kitu. Kama zote mbili ziko VHF (karibu MHz 145) na masafa yamepishana kHz 600, bila dupleksa ya makopo makubwa (chujio la kutenga kurusha na kupokea) usijisumbue. Tenganisha bendi: pokea VHF, rusha UHF (karibu MHz 435).

Mpangilio huo una sababu. Ukigeuza, ukarusha MHz 145.000 na kupokea MHz 435.000, mara tatu ya 145 ni 435 kamili, yaani takataka za mrushaji (redio inayorusha) zinatua palepale unaposikiliza. Ukirusha UHF, vizidisho vyake vinakwenda juu, mbali na VHF. Ongeza chujio la kupitisha masafa ya chini, lenye kikomo cha karibu MHz 200, kwenye waya wa antena ya mpokeaji (redio inayopokea). Antena zipange wima kwenye mlingoti mmoja, ya UHF juu na ya VHF mita 2 au 3 chini yake. Zikipangana hivyo zinasikiana kidogo kuliko zikisimama kando kwa kando.

Kisha pima, usikisie. Mtu aende mbali hadi sauti yake iwe na mchanga, yaani mkwaruzo. Fungua skwelchi (kizima-kelele) ya mpokeaji na umsikilize, halafu bonyeza PTT (kitufe cha kurusha) ya mrushaji kwa mkono. Mchanga ukiongezeka, ripita ni kiziwi. Toa antena ya mrushaji, funga dami lodi ya oumu 50 (mzigo unaomeza nguvu badala ya antena), rudia. Uziwi ukiisha, kosa liko kwenye antena: zisogeze. Ukibaki, kelele inapita kwenye nyaya au kwenye gamba la redio: vika kila waya feraiti (pete ya sumaku inayozuia kelele) na zitenganishe redio kwa bati lililounganishwa na ardhi ya saketi. Jaribio hili ni la dakika kumi, na wengi wanaouliza wati hawajawahi kulifanya.

Waya wa sauti unatoka kwenye pini nyembamba ya spika (mm 2.5) ya mpokeaji kwenda kwenye maikrofoni ya mrushaji, upande wa pini nene (mm 3.5). Usiunganishe moja kwa moja. Spika inatoa sauti kubwa kuliko maikrofoni inavyoweza kumeza, na matokeo yake ni maneno yaliyopasuka. Weka resista ya kilooumu 10 mfululizo na ya oumu 100 kukatisha (kutoka waya wa sauti hadi ardhi), kapasita ya mikrofaradi 1 kuzuia umeme wa maikrofoni, na transfoma ndogo ya sauti ya 600 kwa 600 kutenga ardhi za redio mbili. Bila transfoma utasikia mvumo.

Mrushaji awashwe na VOX (redio kuanza kurusha yenyewe ikisikia sauti) kama huna saketi ya kudhibiti. Nakubali kwamba VOX inakula silabi ya kwanza. Waambie watumiaji wabonyeze, wahesabu moja, ndipo waseme. Kwenye menyu za redio zote mbili zima SAVE (kuokoa betri), TDR (kusikiliza masafa mawili kwa zamu) na BEEP (mlio wa vitufe). TDR ni ya hatari zaidi, kwa sababu inaweza kumrusha mrushaji kwenye masafa ya upande mwingine. TOT (kikomo cha muda wa kurusha) iwe sekunde 180, TXP (nguvu ya kurusha) iwe LOW, yaani ndogo. Mpokeaji apewe toni ya CTCSS (toni ya chini inayowafungulia wanaoituma tu), tuseme Hz 88.5, la sivyo kila kelele ya mtaani itarushwa. Redio za watumiaji zipangwe kwa CHIRP, programu ya kompyuta, kama chaneli ya split: kurusha VHF, kusikiliza UHF.

Na leseni: mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Bila hiyo usirushe.

Kuna mahali wati 5 zinasaidia, kama mtumiaji yuko ndani ya jengo la zege. Lakini hata hapo, kabla ya kugusa TXP, angalia waya wako. Mita 10 za RG-58 (waya mwembamba wa antena) kwenye MHz 435 zinakula desibeli 3 na zaidi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu imeishia njiani kama joto. Pandisha kisanduku chote mtini kwa kamba, waya wa UHF ubaki nusu mita, toboa tundu chini ili jasho la plastiki litoke, na antena ya robo wimbi ikatwe sentimita 16.5 kwa UHF, 49 kwa VHF. Ukishaifunga, rudia lile jaribio la skwelchi ukiwa bado unafikia kamba.