Clark Alikuwa Mtu

Watu wakiisifu The Thing, filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982, sifa huishia kwa lile dude: kichwa kinachomoka kwenye kiwiliwili, kinaota miguu ya buibui na kutambaa sakafuni. Kazi ya Rob Bottin, aliyelibuni dude hilo, inatisha kweli, sikatai. Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni kifo cha Clark.

Wanaume 12 wako kwenye kituo cha utafiti Antaktika. Kiumbe kutoka anga za mbali kimeingia kambini kwa sura ya mbwa, na kinaweza kumwiga mtu yeyote asijulikane. (Kisa chenyewe ni cha zamani, John W. Campbell alikichapisha mwaka 1938.) Blair, mwanabiolojia wa kituo, anaona kwenye kompyuta kwamba kikifika kwenye makazi ya watu, dunia nzima itaambukizwa ndani ya saa 27,000. Anavunja redio, anaharibu helikopta.

Tangu hapo hakuna wa nje wa kuamua. Hakuna polisi, hakuna mzee wa kuwasuluhisha. Kila mmoja ni mtuhumiwa na kila mmoja ni hakimu. Tena mtuhumiwa hana la kujitetea, maana hata kiumbe kingeapa vilevile kwamba ni mtu. Huo ndio upweke unaoniogopesha, wa watu wanaokula meza moja.

Clark ni mtunza mbwa. Yule mbwa alikuwa mikononi mwake, basi macho yote yako kwake. MacReady, rubani wa helikopta, anapowalazimisha wenzake wafungwe kamba ili damu yao ipimwe, Clark anamvamia na kisu cha upasuaji, naye MacReady anampiga risasi ya kichwa. Kisha kipimo kinaanza: waya unapashwa moto na kuchovywa kwenye kisahani cha damu. Damu ya kiumbe itaruka kuukimbia moto.

Ya Clark haikuruka. Childs anamwambia MacReady waziwazi kwamba basi yeye ni muuaji. MacReady hamjibu, anamtaja anayefuata. Ni Palmer, na damu yake inaruka. Patashika inaanza, na Clark hatajwi tena.

Hadithi nyingi za aina hii zinaongeza meno na ute, lakini anayeuawa na wenzake huwa kweli ameambukizwa, na aliyefyatua risasi anatoka na mikono safi. Hizo nazitazama na kulala vizuri tu.