Huruma ya mwalimu ilihamishiwa Same

Kila Desemba nikirudi Moshi, lazima mtu anisifie kwa jambo ambalo sijalifanya. Safari iliyopita alikuwa shangazi, mbele ya bakuli la mtori na ukoo mzima: "Huyu ndiye anawafundisha Wazungu kulea watoto walemavu." Nilitaka kumsahihisha, nikaona mtori unapoa. Mimi ni mhadhiri wa elimu jumuishi, ile ya watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza. Nafundisha walimu watarajiwa, nawahoji wazazi na watoto, naandika makala. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Na kila nikiwa nyumbani maongezi huishia palepale, kwamba Ulaya kuna sheria na mashine lakini hakuna utu, na kwetu hela hakuna ila watu wana moyo.

Zamani nilikuwa naitikia. Siku hizi nanyamaza, na leo nimeamua kusema.

Nilipokuwa darasa la tatu, Moshi mjini, nilikaa dawati moja na mvulana mwenye uoni hafifu. Neno hilo hatukulijua. Tulisema haoni vizuri, basi. Mwalimu wetu wa darasa, mama mkali kweli, alimleta dawati la mbele na mimi akanipa kazi: kila anachoandika ubaoni nikisome kwa sauti ya chini, mwenzangu aandike. Hakuwa ametumwa na mtu wala hakuwa ametoka semina. Aliona tatizo akalitatua kwa kilichokuwepo, nacho kilikuwa mdomo wangu. (Nilifaidika pia. Hakuna kinachokunoa kusoma kama kumsomea mtu anayekusubiri.) Hesabu alinizidi mbali, jibu analo kichwani kabla sijamaliza kusoma swali. Jioni tulimweka golini, tukafungwa sana, na kesho yake tukamweka tena.

Tulipoingia darasa la tano, mwalimu akapata uhamisho kwenda Same. Aliyempokea alikuta watoto wawili wananong'ona kila kipindi, akatutenganisha. Mwenzangu akawa anakabidhi daftari tupu, akawa anachapwa kwa uvivu, na kabla mwaka haujaisha hatukumwona tena. Mwalimu mpya simlaumu sana. Nani alimwambia? Hapakuwa na karatasi hata moja pale shuleni iliyosema kwamba mtoto huyu husomewa. Habari zote zilikuwa kichwani mwa mwalimu mmoja, na kichwa chenyewe kilishapanda basi.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua ukubwani. Moshi hiyohiyo ipo Shule ya Msingi Mwereni, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Na ukishika barabara ya Arusha, pale Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Utaalamu tulikuwa nao jirani. Mama wa mwenzangu hakuambiwa, kwa sababu kumwambia haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Sasa huku niliko. England, mtoto mwenye mahitaji makubwa huandikiwa mpango wa elimu, afya na huduma za jamii, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014. Mpango unataja jina la mtoto, anachohitaji, na nani ampe. Mwalimu akihama, mpango hauhami naye. Familia ikihamia mji mwingine, unawafuata. Tangu uombwe hadi utoke, sheria inatoa wiki 20, na mzazi akinyimwa anakata rufaa kwenye baraza maalumu.

Si peponi. Wiki 20 hizo nimeziona zikigeuka mwaka. Halmashauri zinalia hazina hela, na anayewahi kupata ni mtoto wa mzazi anayejua kuandika barua kali kwa Kiingereza. Baadhi ya Jumamosi nakaa na akina mama wa Kisomali, Kikongo na Watanzania wenzetu, tunajaza fomu. Mama mmoja aliniuliza, "Mbona wanataka niandike mabaya tu ya mwanangu?" Nilikosa la kumjibu. Fomu inakula upungufu: ukisema mtoto anaimba vizuri na anampenda mdogo wake, hujaipa kitu. Halafu mpango ukitoka, mtoto anapewa msaidizi wake, na saa ya chakula unamkuta anakula na huyo msaidizi, wawili tu, kona ya bwalo. Golini hawamweki.

Na mimi ninayelipwa kuhubiri haki, nilipita mikataba mitatu ya muda mfupi kabla ya kuajiriwa moja kwa moja. Wenzangu niliosoma nao, wanaofundisha vyuo vya nyumbani, wamejenga. Mimi nilikuwa nahesabu miezi ya viza, na siku hizi anayekuja kufanya kazi kama yangu hutozwa pia pauni 1,035 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa viza, wakati kodi anakatwa kama kila mtu. Nikaja Moshi Vijijini kuhoji walimu, nikaandika makala, ikatoka kwa Kiingereza kwenye jarida la kulipia. Mwalimu mmoja aliyenipa saa mbili zake aliomba aione. Nilimtumia kwa WhatsApp. Baada ya wiki akajibu: "Asante. Ni ndefu."

Bado nachagua karatasi.

Najua itawaudhi wengine, hasa sisi wa ughaibuni tunaopenda kuisifia nyumbani tukiwa mbali nayo. Lakini moyo wa mtu mmoja hauna mrithi. Angalieni wasichana waliojifungua wakiwa wanafunzi, wakazuiwa kurudi shuleni. Kwa miaka mingi walikuwepo walimu wakuu wenye huruma waliotafuta njia ya chinichini, na wengi zaidi ambao hawakutafuta. Mwaka 2021 serikali ikaruhusu warudi shuleni, na tangu hapo binti ana kitu cha kuonyesha mlangoni. Haombi tena kuhurumiwa.

Sheria za juu tunazo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake tulikuwa tumeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na watoto wamejaa madarasani. Ninachokililia mimi ni karatasi ya chini kabisa, yenye jina la mtoto. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ukae kwenye jalada lake na uhame naye. Uanze na anachokiweza, ili tusirudie kosa la huku. Kisha anachohitaji, na nani darasani humsaidia. Mtaniambia walimu wameelemewa. Kweli wameelemewa. Yule wa kwetu alikuwa na watoto wengi pia, na ukurasa huo angeujaza dakika kumi kabla ya kufunga mizigo ya Same.

Desemba hiyohiyo ya mtori, mama alinituma ndizi soko la Mbuyuni. Muuzaji aliinamia mkungu, anazibonyeza moja moja kwa vidole, uso karibu uguse maganda. Nilipouliza bei alinyamaza kidogo, akataja jina langu la shuleni. Sauti tu.

Tulikaa juu ya kreti karibu saa nzima. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo bado unasoma ubaoni kwa sauti."

"Kama hivyo."

"Na wanakulipa?"

Nikasema wananilipa. Alicheka hadi jirani yake wa nyanya akageuka. Mkungu akauuza kwa bei ileile ya wateja wengine, jumla akiipiga kichwani kabla sijatoa simu.