Nyeusi Tena!

Presha yangu mwenyewe sijaipima tangu mwaka juzi. Lakini oili ya gari? Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Mama watoto anasema siku nikiugua atanilaza chini ya boneti, huenda nikatazamwa.

Aliyeyaanzisha haya ni jirani. Nilikuwa nimefungua boneti niongeze maji ya waipa tu, akatokea. Huyu bwana hana gari. Hana hata baiskeli. Akachomoa stiki ya oili, akachukua tone, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa, akafumba macho. Nikadhani anaomba dua. "Nyeusi," akasema. "Injini hii inahesabu siku."

Mimi na roho yangu nyepesi mbio kwa fundi. Wala hakuitazama stiki. "Mwaga yote, weka mpya." Jamani, kumuuliza fundi kama oili imwagwe ni kumuuliza kinyozi kama nywele zimezidi.

Nikaamua kusoma mwenyewe, mpaka macho yakaniwasha. Kumbe gari langu ni la dizeli, na oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa! Imetiwa dawa ya kusafisha, kazi yake kuyabeba masizi yasigande kwenye vyuma. Yaani ule weusi ni jasho la mfanyakazi. Ya kuogopwa ni ile iliyogeuka kama maziwa, maana hapo maji yameingia na mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini maji yasikutane na oili. Au ile inayonuka dizeli. Au ukiisugua unakuta chenga za chuma. Nikamweleza jirani yote hayo. Akanitazama kwa huruma: "Nyeusi ni nyeusi."

Tena hata kupima kwenyewe nilikuwa nakosea. Gari nalilaza kwenye mteremko, pua juu. Miezi mitatu stiki inaniambia oili imepungua, na mimi naongeza. Kumbe gari liwe mahali tambarare, injini ikae imezimwa dakika 5 mpaka 10 oili iteremke, uchomoe stiki, uifute, uichovye tena, ndipo usome. Siku niliyofuata utaratibu, nikakuta oili imepita alama ya juu unene wa kidole! Ikizidi hivyo kranki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaikoroga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Nikainyonya ziada kwa bomba la sindano na mpira mwembamba, nimepiga magoti kama nesi wa zamu ya usiku.

Shemeji yangu yeye hapimi. "Nangoja taa." Ile taa nyekundu, shemeji, ni ya presha ya oili, ikiwaka njiani unazima injini hapo hapo. Kuingoja ni kungoja nyumba ishike moto ndipo uulize ndoo iko wapi.

Basi nikakutana na kipimo cha karatasi. Unadondosha tone la oili ya moto kwenye karatasi, unaliacha usiku kucha. Likisambaa taratibu huku rangi ikififia kuelekea pembeni, oili bado inaubeba uchafu wake. Masizi yakijikusanya katikati, doa zito lenye ukingo mkali, imechoka. Nikachukua karatasi ya kwanza niliyoiona mezani. Asubuhi, karatasi haipo.

Jioni mtoto karudi nayo kutoka shule. Kumbe ilikuwa ya kazi ya kuchora. Yeye kaongeza shina na majani mawili tu. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Ua zuri, lakini mbona katikati pameungua? 6/10."

Katikati pameungua! Fundi hakuliona hilo, jirani hakulinusa, mwalimu wa kuchora kalitambua bila hata kunawa mikono.

Bado nikawa mbishi. Kitabu cha gari langu kinasema kilomita 10,000 au miezi 12, kinachotangulia, na mimi nilikuwa na kilomita 4,000 tu katika miezi 11. Naendesha kistaarabu! Nikafunua ukurasa wa pili: safari fupi fupi zinahesabiwa matumizi magumu, upunguze muda. Na zangu zote ni za dakika 10. Injini haipati moto wa kutosha kuufukuza unyevu uliomo ndani. Mimi mstaarabu ndiye mtesaji.

Jumamosi nikamwaga. Filta mpya, oili mpya, inang'aa kama asali. Nikaipiga picha, mama watoto akaniuliza kama ya harusi yetu bado ninayo.

Siku ya 4, nimeinama nachomoa stiki, nasikia malapa nyuma yangu: chwa, chwa, chwa. Natazama stiki: nyeusi tii. Nikaificha mgongoni upesi, lakini yule bwana ameshanyoosha kidole gumba, na macho ameshayafumba.