Ukinunua droni, nunua inayojua kusimama

Droni yangu ya kwanza ilikaa hewani muda mfupi kuliko muda niliotumia kupatana bei yake. Niliinunua Kariakoo kwa sh. 150,000, boksi limeandikwa 4K, yaani picha kali kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la droni yenyewe. Siku ya tatu nikaipeleka ufukweni Raskazone, Tanga, mwezi wa nane, kusi imekolea. Ikapanda hadi usawa wa vilele vya minazi, ikatulia kidogo, halafu ikaanza kwenda zake upande wa kisiwa cha Toten.

"Mjomba, irudishe!"

"Naivuta, haiji."

Nilikuwa nimeukandamiza ule mkono wa rimoti mpaka kidole gumba kimeniuma. Picha kwenye simu ikaganda, maji matupu, na hiyo ndiyo picha pekee ya angani niliyopata kwa laki na nusu.

Kwa kuwa kazi yangu ni picha za harusi, kila wiki kuna anayeniuliza: nichukue ya bei poa, au nijibane nipate ya ghali? Jibu langu huwakera wengi. Vile vya laki na nusu havimo kwenye mashindano. Ni midoli yenye kamera. Mnunulie mtoto aichezee sebuleni, atafurahi, nawe hujapoteza kitu. Ila usimwahidi bwana harusi.

Kinachouzwa kwenye droni ni kule kusimama. Kamera inafuata baadaye. Droni yenye GPS inajua ilipo, upepo ukiisukuma inajirudisha yenyewe kabla hujagusa rimoti. Mdoli hana hiyo. Ukiwa na bahati utakuta ana kijicho tumboni kinachotazama chini ili asihame, na juu ya sakafu ya vigae kinafanya kazi vizuri tu. Mpeleke juu ya bahari: chini yake kila kitu kinatembea, naye anatembea nacho. Mota ni ndogo, zinazidiwa na upepo ambao wewe ufukweni unauona wa kupunga tu. Kamera imegandishwa kwenye mwili, basi mwili ukiyumba na harusi inayumba. Hiyo 4K ya kwenye boksi mara nyingi ni picha ndogo iliyotanuliwa na programu. Kwenye droni ya kweli kamera imening'inizwa kwenye gimbali yenye vimota vitatu, mwili unahangaika na upepo huku picha imetulia kama imewekwa mezani.

Kwa hiyo ubishi wa maana unaanzia juu kidogo: droni za kampuni ya DJI, Mini 2 SE au Mini 4K upande mmoja, Mini 4 Pro upande wa pili. Huko Marekani Mini 4K ilitoka kwa dola 299 na Mini 4 Pro kwa dola 759. Hadi zitue kwetu, bei nazo zinakuwa zimeruka. Mimi nilichukua Mini 2 SE ya mtumba. Inarekodi 2.7K, pungufu ya 4K, na sijawahi kumpata mteja aliyehesabu.

Hiyo ndiyo niliyokwenda nayo harusini Pangani. Niliirushia juu ya boti, maharusi wanavuka, mambo mazuri kabisa. Betri ikaanza kulia, droni ikaamua kurudi nyumbani. Nyumbani kwake ni pale iliporushwa, na boti ilikuwa imeshapaacha zamani. Ilikuwa inakwenda kutua baharini kwa adabu zote. Nikaikatisha, nikaileta kwa mkono, nikaidaka kwa chini huku mzee mmoja akinishika shati nisitumbukie. Na ile ya dola 759 ingefanya hivyo hivyo usipoibadilishia mahali pa kurudi. Kuna makosa ambayo pesa haiyazuii.

Ya ghali ina nini basi? Inaona vizuizi pande zote, ingawa waya mwembamba wa umeme unaweza kuipita macho, na mitaa yetu nyaya ndizo nyingi. Inageuza kamera isimame wima, jambo zuri kwa wanaopeleka moja kwa moja TikTok. Ninachokionea wivu ni kimoja: kihisio cha kamera yake, kile kinachopokea mwanga, ni kikubwa zaidi. Maharusi wetu wanafika ukumbini magharibi imeshapita, na droni yangu saa hizo inatoa picha za chengachenga. Kama kazi zako nyingi ni za usiku, jibane. Kama ni za mchana, tofauti ya hela nunua betri mbili za ziada. Betri moja ya Mini 2 SE wanaitangaza dakika 31. Mimi kwenye upepo wa pwani, dakika ya 20 nimeshaanza kuishusha.

Ile DJI Neo ya gramu 135 ni tamu kwa kujipiga mwenyewe uani. Ila upepo wa kusi utaipeperusha.

Na usidanganywe na zile gramu 249 zinazotangazwa kwenye hizi Mini. Huo uzito ulipangwa kukwepa usajili wa Marekani, ambako droni ya burudani inasajiliwa kuanzia gramu 250. TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, hawakupimii hivyo. Hela ya kibali iwe kwenye bajeti kabla ya hela ya begi.

Ukipata ya mtumba, fungua programu ya droni uangalie betri imechajiwa mara ngapi, na hakikisha haijavimba. Muuzaji aiondoe droni kwenye akaunti yake ukiwa umesimama hapo hapo, asikwambie atafanya jioni. Kisha mtoke nje, penye upepo, aipandishe mita tatu na aachie rimoti kabisa. Ikihama, mshukuru, rudi na hela yako.